Msipake rangi bunduki ya nkambo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nizungumze na familia za hapa Lubumbashi ambazo bado zina bunduki ya nkambo, yaani ya babu, ndani ya nyumba. Kiangazi kikifika, watu wakianza kujiandaa kwa sherehe na kuondoa matanga, bunduki hizo hutolewa zilikofichwa, husuguliwa kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kisha hupakwa rangi: ya fedha kwenye mtutu, nyeusi kwenye mti wa kitako. Wenye nyumba huona wamemheshimu marehemu. Mimi ni fundi wa vyuma, nimezeekea kwenye karakana, na nasema waziwazi kwamba wanaiharibu mali yao wenyewe.

Juzi kijana mmoja wa Katuba aliniletea gobori, ile bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, ya babu yake, mwindaji Mchokwe wa upande wa Dilolo. "Papa, uifanye ing'ae, rangi imeanza kubanduka." Kwanza nilimwomba karatasi. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha ipo bado, na mimi siigusi bunduki isiyo na ruhusa hata kama haijalia tangu enzi za Wabelgiji. Karatasi alikuwa nayo. Basi tukaiweka mezani.

Rangi ile ya fedha ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Nilipoichokoa kwa kucha, chini yake kutu nyekundu ilikuwa mbichi kabisa, imekwisha kuchimba mashimo madogomadogo. Watu wafahamu hili: rangi iliyopakwa juu ya kutu haiiui kutu. Masika yakija, unyevu unapenya kwenye nyufa za rangi, unakaa humo ndani, na chuma kinaliwa pasipo mtu kuona. Mtutu uliobaki wazi na kupanguswa mafuta mara kwa mara unadumu kuliko huo.

Tukalowesha kitambaa kwenye diluan, ile dawa ya kuyeyusha rangi, tukaanza kufuta polepole. Kwenye mti, chini ya ile rangi nyeusi, ikatokea misumari ya shaba njano, vichwa vya mviringo, imepangwa safu kwa safu mpaka kwenye tako. Kijana hakuwahi kuiona. Hiyo ni kazi ya wawindaji wa Kichokwe, walivyopamba bunduki zao, na bila shaka ni mkono wa babu yake au wa aliyemtangulia. Kisha, karibu na kitundu cha kuwashia baruti, tukaona alama ndogo ya umbo la yai: herufi ELG, na nyota chini yake. Nusu ya nyota ilikuwa imekwenda na msasa.

Alama ile ni ya Liège, Ubelgiji. Kule kila mtutu ulijaribiwa kwanza kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida, na uliohimili ndio uliopigwa muhuri. Wengine hushangaa kwa nini wazee wetu walibaki na gumegume, gobori ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, wakati wazungu walikuwa na bunduki za risasi nyingi. Halikuwa jambo la bahati. Katika mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalikubaliana kwamba barani Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta, watu wasiuziwe bunduki za kisasa, ila zile za gumegume zisizo na mifuo (mistari ya kuzungusha risasi) ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Katanga yote imo humo. Kwa hiyo gobori ya nkambo ni ushahidi wa historia hiyo, na ushahidi wenyewe uko kwenye zile herufi ambazo msasa unazifuta kwa dakika moja.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Nimeona mtu akitaka kuunguza rangi ya zamani kwa kuuweka mtutu juu ya mbabula, jiko la makaa. Jamani! Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi, hata ipite miaka mia moja. Wazee wengi waliiacha bunduki imeshindiliwa, wakafariki. Kabla ya kitu chochote, chukueni mdeki (fimbo ya kushindilia baruti) au ufito ulionyooka, mwingize mpaka ugote mwisho, mtie alama pale kwenye mdomo wa mtutu, mwutoe, halafu mwulaze kwa nje. Ncha yake inatakiwa kufika karibu na kitundu cha kuwashia. Ikiishia mbali nacho, ndani kuna kitu. Hapo msiendelee, mdomo wa mtutu usimwelekee mtu, na mkawaarifu wenye mamlaka. Na wakati wa kupima, simameni ubavuni.

Ikiwa ni tupu, kazi ni ya subira tu. Pakeni mafuta mepesi ya mashine, acheni yalale usiku kucha, kisha kwangueni kutu kwa kipande cha shaba nyekundu. Sisi wa Lubumbashi hatuwezi kusema tumekosa shaba! Ni laini kuliko chuma, inang'oa kutu na kukiacha chuma kilicho chini bila mkwaruzo. Kutu nyekundu itoke. Ule weusi na ukahawia uliotulia uacheni. Weusi wa mitutu mingi ya zamani haukuwa rangi. Ni kutu iliyochemshwa kwenye maji ikageuka nyeusi, ikapigwa brashi, ikarudiwa tena na tena. Mkiusugua mpaka uishe, mmetupa kazi ya fundi.

Mti upanguseni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukauke vizuri, kisha mafuta ya lini, tone kwa tone, kwa kiganja. Mawese hapana, yanaganda na kunasa vumbi.

Wala isifyatuliwe kwenye matanga kwa sababu tu inapendeza. Rangi huficha ufa, na mtutu wenye ufa hupasukia usoni mwa aliyeushika.

Wenye bunduki za uwindaji za juzijuzi nao wasikie: nambari iliyochongwa kwenye chuma isiguswe kabisa. Bunduki iliyofutwa nambari hakuna askari atakayeamini kwamba ni ya urithi.

Bwana Mhariri, nimeambatanisha picha ya ile alama ya yai na nusu ya nyota yake. Naomba muichapishe kubwa iwezekanavyo, ili familia ziitafute kwenye bunduki zao kabla hazijatuma mtoto kununua msasa.

Fundi mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi