Mkoba wa kazi wa mchoraji si mkusanyiko wa sura za watu maarufu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaotaka kuishi kwa kuchora picha za vitabu na majarida bila kuajiriwa na mtu, na pia niseme kidogo na wale wanaowapa kazi. Nimechora vitabu vya watoto na vya kiada hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sababu hiyo huletewa mara kwa mara mkoba wa kazi, au potifolio kama wengi wanavyouita, na kijana anayetaka nimweleze kwa nini wachapishaji hawamjibu.

Mara nyingi jibu limo ndani ya mkoba wenyewe. Nikiufungua nakuta sura ya mwanamuziki, sura ya mchezaji mpira, sura ya kiongozi, simba, halafu mwanamuziki mwingine, zote zimenakiliwa kwa penseli kutoka kwenye picha za simu, kwa ustadi ambao mimi katika umri wao sikuwa nao. Lakini mhariri wa vitabu hatafuti mtu wa kunakili sura. Anatafuta mtu atakayemchora Asha amebeba ndoo katika ukurasa wa 3, amekaa chini analia katika ukurasa wa 9, anakimbia ametupa mgongo katika ukurasa wa 14, na mtoto wa darasa la pili akamtambua mara zote tatu kuwa ni Asha yuleyule. Picha moja, hata iwe nzuri vipi, haiwezi kuthibitisha hilo.

Kwa hiyo kijana asisubiri kupewa hadithi. Achukue ngano aliyosimuliwa na bibi yake, aigawe katika kurasa 16, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kutoa kurasa kwa mafungu ya namna hiyo, kisha achore rasimu ya kurasa zote kwa penseli na amalizie tatu au nne kwa rangi kamili. Aache nafasi ya maandishi. Asiuweke uso wa mhusika penye mkunjo wa katikati, ambako kitabu hubanwa kwa pini, na apitishe rangi milimita 3 nje ya ukingo ili kisu cha kukatia karatasi kisiache mstari mweupe. Anayechora kwa kompyuta aandae faili lenye nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi wa ukurasa, tena akumbuke kwamba kijani na buluu zinazowaka kwenye skrini hufifia zikiwa wino. Mhariri akiyaona hayo yote hatakuwa na sababu kubwa ya kuuliza umewahi kumchorea nani.

Kinachonisikitisha zaidi ni michoro isiyo na mahali. Nimeona daladala yenye mlango upande wa kulia, ilhali sisi tunaendesha kushoto na abiria hupandia kushoto. Mchoraji aliitoa kwenye intaneti, ikamponza. Nimeona kanga yenye maua matupu, haina pindo wala jina, na mama wa Kizanzibari aliyeivaa angeshangaa. Katika kijitabu cha malaria, si kila mbu anafaa: anofelesi, ambaye ndiye anayeambukiza, akitua huinua mkia juu, na kuleksi, mbu wa aina nyingine, hukaa sambamba na ukuta, hivyo anayewachanganya anafundisha uongo kwa picha. Mbu mmoja aliyechunguzwa hivyo na kuchorwa kwa wino mweusi mtupu anaweza kumletea kijana kazi kuliko simba kumi wa rangi, maana vitabu vingi vya bei nafuu bado huchapwa kwa wino mweusi peke yake.

Wapo wanaoniambia kwamba wamekwama kwa sababu hawana tableti. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, na jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Picha 12 zilizochaguliwa kwa ukali zinatosha. Ukiweka 40, mhariri atakupima kwa ile iliyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu hajui ni siku gani utamletea kazi ya namna ile.

Nikigeukia upande wa pili, mchapishaji mmoja, nilipokuwa naanza, aliniomba sampuli nane za hadithi yake ili apime kama ninafaa. Sikusikia tena kutoka kwake, ila mwaka uliofuata niliziona nne kati ya hizo ndani ya kitabu, bila malipo na bila jina langu. Mkoba upo ili kazi ya namna hiyo isiwe ya lazima. Anayetaka sampuli ya hadithi yake mahususi aandike kwamba atailipia, hata kama ni kiasi kidogo, na makubaliano yaseme wazi kwamba mchoraji anaruhusiwa kuionyesha kazi hiyo katika mkoba wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa mchoro kama inavyomtambua mtunzi wa maandishi, na inampa haki ya kutajwa jina.

Hapo ndipo linapokuja ombi langu kwako, Mhariri. Magazeti yetu mengi huchapisha jina la mwandishi juu ya makala, lakini mchoro unaoipamba hutoka bila jina la mtu yeyote. Kijana akiukata ukurasa huo na kuuweka katika mkoba wake, hana namna ya kumwonyesha mchapishaji kwamba ni mkono wake. Mstari mmoja wa herufi ndogo pembeni mwa mchoro unatosha, na ningefurahi kuuona ukianzia katika gazeti lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchoraji wa vitabu,
Ilala, Dar es Salaam