Shukrani kwa Mama wa Kanga, Guangzhou

Mama yangu mfanyabiashara wa Kariakoo, tuliyekutana nawe Guangzhou mwaka 2010, popote ulipo pokea shukrani zangu na za mume wangu.

Tulikuwa tumetoka Marekani, tunakoishi, kwenda China kumchukua binti yetu wa miezi kumi na mmoja, na baada ya kukamilisha katika mkoa wake taratibu za kumwasili, yaani kumfanya mtoto wetu kisheria, ilitubidi kungoja Guangzhou, kwa kuwa viza za watoto kama yeye zilitolewa na ubalozi mdogo wa Marekani wa mji huo peke yake. Mtoto alikuwa amelia usiku tatu mfululizo, akikataa chupa na kunigeuzia uso, wala simlaumu, maana alikuwa ametenganishwa na walezi pekee aliowajua. Ulitusikia tukizungumza Kiswahili katika ukumbi wa hoteli, ukatua mafurushi yako, ukafungua kanga kiunoni, ukamfunga mgongoni mwangu na kuniambia, "Tembea, mwanangu. Usimtazame, mwache akusikie pumzi tu." Sijafika mlangoni mara ya tatu, akalala, shavu lake la moto limelala begani kwangu.

Jioni ulirudi na uji wa mchele, ukamlisha kijiko kwa kijiko, ukakataa hata nauli ya teksi.

Kanga yako tunayo bado. Pindo limepauka, naye hujifunika kila anapoumwa. Sikukuuliza jina, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Asante sana, mama.