Malalamiko: kisanduku chenu kinazikwamisha video za harusi

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: PICHA KUKWAMAKWAMA KWENYE KISANDUKU CHENU CHA VIDEO

Nawaandikia kama mteja, na kama mama anayepata riziki yake kwa kupiga video za harusi. Kisanduku chenu cha kuchezea video kwenye runinga nilikinunua kwa sababu mmeandika kwenye boksi kwamba kinajirekebisha chenyewe kufuata kasi ya video. Hakijirekebishi.

Video zangu ni za fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde. Nachagua 25 kwa sababu umeme wa Kenya ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na ukipiga kwa fremu 30 bila uangalifu, taa za ukumbini humetameta kwenye picha. Kisanduku chenu hupeleka picha kwenye runinga kwa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, faili liwe la kasi yoyote. Kwa hezi 50 kila fremu ingeonyeshwa mara mbili sawasawa. Kwa hezi 60 nyingine huonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu, basi bibi harusi akiingia kwa mwendo wake wa taratibu, kamera ikimfuata, anaonekana anashtukashtuka. Nikichagua 50 mwenyewe kwenye menyu, picha inatulia. Nikizima na kuwasha, imerudi 60.

Flashi hiyo hiyo nikiichomeka kwenye runinga moja kwa moja, video inakwenda vizuri. Basi si faili, wala si runinga. Waya wa HDMI, unaounganisha kisanduku na runinga, ambao mhudumu wenu alinitaka nibadilishe, nimebadilisha, na hali ni ile ile.

Lililoniuma zaidi ni hili. Familia moja niliyoipigia video ina kisanduku kama changu. Walipowapigia simu, waliambiwa kwamba aliyepiga video hakuijua kazi yake. Mmenivunjia jina kwa watu wanaonilisha, na hata faili hamkuomba mlione! Nanyi mwajua sherehe ya kupamba bibi harusi kwetu Pwani: ni usiku wa wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, na video yake haipandishwi mtandaoni. Mwenyewe hukabidhiwa mkononi, ikatazamwa nyumbani na mama, mashangazi na bibi. Kisanduku kikiiharibu, hawawezi kuitafuta mtandaoni.

Boksi linasema pia kwamba kisanduku kinacheza faili za MKV. MKV ni mkoba tu wa kubebea video na sauti. Ndani yake ikiwemo video iliyobanwa kwa HEVC ya biti 10, naambulia sauti na kioo cheusi. Andikeni wazi kodeki, yaani njia za kubana video kama hiyo HEVC, ambazo kisanduku kinaziweza.

Naomba mtoe sasisho la programu litakalofanya hezi zifuate kasi ya faili, na chaguo la 50 libaki hata baada ya kuzima. Kama hamwezi, nirudishieni pesa zangu. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya maelezo yatakayomwezesha kufaidika nayo. Maandishi ya boksi lenu hayakunipa hata moja kati ya hizo.

Na kabla ya yote hayo, ipigieni simu familia ile muwaambie kwamba kosa ni la kisanduku. Nambari yao mnayo, kwa kuwa wao ndio waliowapigia.

Wenu,
Mpiga video za harusi,
Mombasa.