Matangazo ya kozi za ushauri nasaha yanaficha saa

Mhariri,

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya, yakitoka tu, matangazo ya kozi za ushauri nasaha hujaa magazetini na kwenye simu: soma miezi sita, pata cheti, kisha kazi Canada au Uingereza. Sisi tunaowasimamia wanafunzi wa fani hii wanapokuwa mazoezini tunaomba nafasi tuseme kisichoandikwa humo, yaani saa. Mshauri nasaha hupimwa kwa saa alizokaa na wateja huku kazi yake ikikaguliwa na msimamizi. Cheti kisicho na saa nyuma yake hakimfikishi mtu mbali.

Tuanze hapa nyumbani. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 hairuhusu mtu kutoa huduma hii bila kusajiliwa. Kwa miaka mingi mlango mpana wa ajira ulikuwa kliniki za VVU zilizotegemea fedha za Marekani. Misaada hiyo iliposimamishwa Januari 2025, washauri wengi walijikuta nyumbani ndani ya siku chache, na si wachache walikuwa na mafunzo ya upimaji pekee, ya wiki kadhaa tu. Mazungumzo ya kabla na baada ya kupima ni kazi ya maana, ila ni ya dakika chache na hufuata mwongozo. Ni vigumu kuyaingiza kwenye hesabu ya saa za tiba. Shuleni kazi bado anaachiwa mwalimu mwenye vipindi vyake darasani. Zimebaki hospitali, mashirika, kampuni zinazowatunza wafanyakazi wao, na ofisi ya kujifungulia mwenyewe, ambayo hujaa wateja polepole.

Sasa ng'ambo. Katika mkoa wa Ontario, Canada, tiba ya mazungumzo iko chini ya chombo kiitwacho CRPO. Kinataka mafunzo ya kiwango cha uzamili, mtihani, na kabla ya usajili kamili saa 450 za kukaa na wateja pamoja na saa 100 za usimamizi. Anayetaka kufanya kazi peke yake bila msimamizi afikishe 1,000 na 150. California wanadai saa 3,000 chini ya msimamizi, zisizokamilishwa chini ya wiki 104, na leseni ni ya jimbo hilo. Ukihamia Texas unajieleza upya. Uingereza jina la mshauri nasaha halilindwi na sheria, ila waajiri huuliza kama umo kwenye orodha ya chama cha washauri nasaha, kama BACP. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, wakidhani kwamba kwa kuwa jina ni huru, basi viza nayo ni rahisi. Tangu 22 Julai 2025 viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi inataka kazi ya kiwango cha shahada na, kwa kawaida, mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka. Kabla ya kumlipa wakala, mwambie akuonyeshe namba ya kazi hiyo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza. Akianza kuzungukazunguka, rudi nyumbani na pesa zako.

Hebu tupige hesabu. Mwanafunzi mwenye wateja watatu kwa wiki, kila mmoja saa moja, kwa wiki 45 za mwaka, anapata saa 135. Zile 450 zitamchukua zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo maana daftari la saa lifunguliwe siku ya kwanza ya mazoezi, si siku wazo la kusafiri linapoingia. Kila kikao kiwe na mstari wake: tarehe, namba ya siri ya mteja (jina lake kamwe), dakika, kama ni mtu mmoja, wanandoa au kikundi, na tatizo kwa maneno machache. Usimamizi uwe na kurasa zake, pamoja na jina la msimamizi, sifa zake, namba yake ya usajili na saini.

Daftari huharibika kwa njia tunazozijua. Mwanafunzi anajaza mwaka mzima kwa usiku mmoja, na mkaguzi anaona saini 40 za kalamu moja, wino mmoja, mkono usiochoka. Mwingine anahesabu nasaha alizotoa kwenye gwaride la asubuhi mbele ya wanafunzi 600. Hiyo ni hotuba. Chuo kinapiga muhuri kwenye jumla, "saa 300", bila kuonyesha zimetoka wapi. Usimamizi unafanyika kwa watu 20 chumba kimoja, na mmoja tu ndiye anayezungumzia mteja wake. Kisha kituo kinafungwa, au msimamizi mwenyewe anahama nchi, na hakuna wa kuthibitisha lolote. Piga picha kurasa kila mwisho wa mwezi, msimamizi atie saini mwezi huohuo, na uombe silabasi ya kila somo ungali chuoni, kwa sababu wanaokagua vyeti huko nje huuliza ulifundishwa nini. Matokeo yako nayo kwa kawaida hutakiwa yatumwe na chuo chenyewe, kwa hiyo chuo ambacho hata simu hakipokei kitakukwamisha.

Wapo wanaosema: kwa nini nihame, nitawahudumia Wakenya wa ughaibuni kwa simu? Haja ipo kweli, mtu aliye Doha au Minnesota anapotaka kulia kwa lugha yake. Ila katika majimbo mengi ya Marekani kinachoangaliwa ni pale mteja alipoketi, na leseni ya Nairobi haifiki huko. Bima yako nayo isome, maana nyingi huziacha nje kesi za Marekani na Canada. Na kwa dada aliye kazini nyumbani kwa watu katika nchi za Ghuba, kubalianeni mapema neno la kuashiria kwamba mwajiri ameingia chumbani, nani apige tena laini ikikatika, na namba ya ubalozi iwe mezani kwako kabla hamjaanza.

Linaloulizwa zaidi siku hizi ni akili unde (AI), au akili mnemba kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Itachukua kazi, ndiyo, ikianza na ile nyepesi: kukumbusha miadi, kueleza msongo wa mawazo ni nini, kujumlisha alama za PHQ-9, dodoso la kupima sonona lenye maswali 9 na alama 0 hadi 27. Aliyekuwa akilipwa kusoma mwongozo kwa sauti ana sababu ya kuhofu.

Lakini tazama inavyokwama katika lugha yetu. "Amenipiga" na "amenipigia" zimetenganishwa na irabu moja. La kwanza ni kipigo, la pili ni simu. Programu inayonakili kikao, feni ikivuma na mteja akisema kwa kunong'ona, inaweza kuchukua moja badala ya jingine. "Hajanipiga tena wiki hii" muhtasari wa mashine unaweza kuligeuza kuwa nyumba yenye amani, na ile "tena" yenye historia nzima ikapotea. Au mtu anaandika saa nane za usiku: "Nimechoka, nataka tu kupumzika." Mashine inamshauri azime simu alale. Aliyekulia katika Kiswahili anajua marehemu naye husemwa amepumzika, hivyo anauliza waziwazi: unafikiria kujiua? Watu wetu wana sababu ya kusema kwa mafumbo. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la kumpeleka mtu kortini. Sifuri iliyoandikwa kwenye swali la 9 la PHQ-9, lile la mawazo ya kujidhuru, huenda ni woga tu.

Wengine wameanza kuweka mipaka. Illinois, Marekani, tangu Agosti 2025 sheria inakataza akili unde kutoa tiba yenyewe, faini hadi dola 10,000 kwa kosa, ila inamruhusu mtaalamu kuitumia kwa miadi na, mteja akiridhia, kwa kumbukumbu. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na haziwezi kupelekwa nje ya nchi bila ridhaa ya mwenyewe na kinga za kutosha. Mshauri anayebandika maelezo ya mteja kwenye programu ya bure iliyo na kompyuta zake ng'ambo anavunja sheria hata akiondoa jina, iwapo ameacha kijiji, kazi na idadi ya watoto. Mteja anatambulika.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo jingine la kozi hii likiletwa mezani kwako, wadai waongeze mambo matatu kabla hujalichapisha: mwanafunzi atapata saa ngapi na wateja, atasimamiwa saa ngapi na nani, na kama cheti hicho kinamwezesha kusajiliwa hapa Kenya. Nafasi itatosha wakiondoa ile picha ya ndege.

Wasimamizi wa mafunzo ya ushauri nasaha,
Mombasa