Kima cha chini visiwani kihesabiwe kwa saa

Mhariri,

Kima cha chini cha mshahara kikipandishwa katika kisiwa kinachoishi kwa utalii, hoja huwa ileile: hoteli zitafunga, watu watakosa kazi. Naona tunabishania kiasi na kusahau kanuni zinazokifanya kiasi hicho kifike mfukoni.

Kubwa kuliko zote ni saa. Mshahara wa mwezi uliopangwa kwa wiki ya saa 45 unalipia takriban saa 195. Wageni wakijaa, mhudumu akafanya kazi siku 6 kwa wiki, saa 10 kila siku, hufikisha saa 260 kwa mshahara uleule. Thamani ya saa yake imeshuka kwa robo nzima, na hati ya mshahara bado inasomeka safi. Wageni wakiondoka hafukuzwi. Hupewa likizo bila malipo, au huitwa siku tatu tu kwa wiki. Takwimu za ajira zinazohesabu vichwa haziyaoni hayo. Sheria itaje kiwango cha malipo kwa saa, na daftari la mahudhurio lisainiwe na pande zote mbili kila wiki. Pasipo daftari, mkaguzi wa kazi hana pa kuanzia.

Ada ya huduma, ile inayoongezwa kwenye bili ya mgeni, nayo isitumike kujazia kima. Maldivi, mwaka 2020, iliilazimisha sekta ya utalii kutoza ada isiyopungua asilimia 10 na kuwagawia wafanyakazi. Ni jambo jema, lakini fedha hizo hupanda na kushuka na idadi ya wageni, ilhali kodi ya nyumba haina msimu. Makato ya malazi na chakula yawekewe ukomo. Vinginevyo nyongeza huingia kwa mkono mmoja na kutoka kwa mwingine.

Je, ajira zitapotea? Visiwa vya Mariana Kaskazini, eneo la Marekani katika Bahari ya Pasifiki, hutajwa sana katika mjadala huu. Sheria ya Marekani ya 2007 ilikipandisha kima chao hatua kwa hatua kutoka dola 3.05 kwa saa hadi 7.25, kilichofikiwa Septemba 2018, na baadhi ya miaka nyongeza iliahirishwa. Viwanda vyao vya nguo vilikwisha kufikia 2009, lakini mgawo wa kimataifa uliovikinga viwanda hivyo, yaani ukomo wa nguo ambazo nchi nyingine ziliruhusiwa kuuza Marekani, ulikuwa umeondolewa tangu Januari 2005. Anayeubebesha mshahara lawama yote anaichanganya misiba miwili.

Tufanye hesabu. Chukua hoteli ambayo mishahara ni 30 katika kila 100 ya mapato, na nusu ya mishahara hiyo iko kwenye kima cha chini. Nyongeza ya asilimia 10 huigharimu 1.5 katika kila 100, pamoja na kidogo kwa walio juu yao ili ngazi za mishahara zisifutike. Inabebeka, ila si kwa ghafla: bei za vyumba huandikwa kwenye mikataba na mawakala wa nje miezi mingi kabla mgeni hajapanda ndege. Tangazo la mwezi mmoja linamkuta mwenye hoteli amekwisha kuuza. Hapo ndipo vibarua hukatwa, na nyumba ndogo za wageni huumia kwanza.

Nyongeza zitangazwe angalau miezi 12 kabla, kwa hatua ndogo zenye tarehe, na zianze mwanzoni mwa msimu wa wageni, fedha zinapoingia.

Msomaji wenu