Shoga yangu wa Likoni, wazungu wanauliza kama tunalipa kodi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu sana, mimi mzima, baridi tu ya Minnesota ndo inanitesa. Kwenye simu salio huisha kabla sijamaliza, kwahivyo nakuandikia, maana hawa watu wa kazini kwangu na uchumi wetu wana mambo we acha tu.

Wakumbuka Juni 2024 vijana walipoingia bungeni, ule mswada wa fedha uliotaka kutia VAT, ile kodi ya kwenye bei ya vitu, ya asilimia 16 kwenye mkate? Usiku huo mwenzangu wa zamu hapa nyumba ya wazee aliona kwenye simu akanijia mbio, macho kodo, ati pole, kwenu kumeingia vita? Nikamwambia si vita, ni kodi. Akanyamaza, kisha akaniuliza, kwani Kenya mnalipa kodi?

Wallahi shoga nilicheka mpaka wazee wakaamka! Kumbe miaka yote yeye ajua sisi twakaa tu chini ya mwembe twangoja ndege iangushe magunia. Nikamkalisha nikamhesabia kwa vidole, mshahara wakatwa kodi, wakatwa tena asilimia 1.5 ya kujengea nyumba za bei nafuu, petroli VAT ilikuwa 8 wakaipeleka 16 hapo 2023, ukituma pesa kwa simu walipa, na mtu hajanunua unga bado. Nilipofika mkono wa pili akasema, basi hata mimi ningeingia bungeni.

Mwengine alikwenda Diani ile Januari 2024 dola ilipofika kama shilingi 160, akarudi anang'ara, nchi yenu rahisi jamani, madafu rahisi, tuktuk rahisi! Na wiki hiyo hiyo mama aniambia mafuta ya kupikia hayashikiki. Ilibidi nimweleze pole pole kwamba ngano, petroli, dawa, kwa wingi twanunua nje kwa dola, kwahivyo ile iliyomrahisishia yeye madafu ndo iliyompandishia mama mahamri. Sasa shilingi ilipopata nguvu dola ikashuka hadi kama shilingi 130, akaja kuniuliza kwa masikitiko, mbona mmepandisha bei? Mimi nilikuwa napiga vigelegele pale jikoni!

Lakini kuna bibi namhudumia, huyo nampenda kweli. Alinipa bahasha ya dola 20 niipeleke posta, imfikie mama. Siruhusiwi kupokea nikamrudishia, nikamuonyesha simu, nimetuma saa hii na mama kashajibu imeingia M-Pesa. Bibi akaishika ile simu akaigeuza geuza, yeye bili zake huandika cheki, hutia stempu, angoja siku kadhaa. Akaniuliza, haya sisi tutapata lini?

Tangu hapo kila nikiingia chumbani haniulizi dawa zake, aniuliza mamako kanunua unga? Basi hebu nipitie nyumbani unambie unga umefika bei gani, maana kesho ataniuliza na sitaki kumdanganya.

Wako,
shoga yako