Nguvu za kiume: anzeni na presha na sukari

Mhariri,

Mwanamme ambaye jogoo hawiki kwa miezi 3 asikimbilie vichupa visivyo na lebo vya sokoni. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huwahi kuziba. Shida hii huweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka.

Kituoni apimwe presha, sukari kabla ya kula (7.0 mmol/L kwenda juu ni dalili ya kisukari) na mafuta ya damu. Ataulizwa iwapo alfajiri huamka uume umesimama. Akijibu ndiyo, mara nyingi chanzo ni wasiwasi. Achukue na pakiti za dawa zake zote: baadhi ya vidonge vya presha huchangia, ila asiviache mwenyewe.

Sildenafili, kidonge cha kusaidia uume kusimama, kwa kawaida ni miligramu 50, saa 1 kabla ya tendo, mara 1 tu kwa siku. Wengi hulalamika haikufaa, kumbe wameimeza juu ya biriani, mafuta huichelewesha. Wengine hukaa wakiingoja kama daladala, kumbe kidonge hakileti hamu: bila msisimko hakifanyi kazi. Anayetumia dawa ya nitrati ya maumivu ya kifua asiguse sildenafili: presha huporomoka, huweza kuua.

Wahudumu wa afya,
Chake Chake, Pemba